Samli, utandu na kongosho la Popi

Mwambie mzee yeyote wa Kisukuma aliyekulia kwenye boma la ng'ombe kwamba vya maziwa vinaweza kumuua mbwa, naye atakuuliza swali moja tu: mbwa wa babu yako walikunywa nini? Nimeulizwa swali hilo na Bibi yangu, nikaulizwa na mama mdogo kwa simu, nikaulizwa hata na fundi aliyekuja kutujengea ukuta. Ni swali la haki. Halistahili kujibiwa kwa dharau ya mtu aliyesoma kidogo akadhani wazee hawajui kitu. Jibu lake lipo, na nusu ya jibu hilo hakunipa daktari, alinipa Bibi mwenyewe.

Tunaishi Buswelu, wilaya ya Ilemela, hapa Mwanza. Bibi alihamia kwetu kutoka Misungwi baada ya Babu kufariki, na siku aliyoshuka kwenye gari alikuwa na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Ndiye Popi, mbwa koko wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Ng'ombe walibaki kwa mama mdogo, na kila mara basi dogo la asubuhi linapokuja mjini hatukosi dumu la maziwa, na mara nyingine siagi ya kuyeyushia samli. Maziwa yakifika yanachemshwa kwenye sufuria kubwa, yanaachwa yapoe, na juu yake unatanda ule utandu mzito wa manjano. Watoto wa mjini hawautaki, wanaukunjia nyuso. Bibi haoni sababu ya kumwaga chakula, kwa hiyo aliuengua kwa kijiko na kumpelekea Popi uani.

Lakini haikuwa suala la kuokoa chakula tu. Mwaka mmoja kabla ya haya yote Bibi aliteleza uani akaanguka, sote tukiwa kazini na watoto shuleni. Popi alibweka bila kukoma mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Bibi alivunjika mkono, akafungwa plasta, akapona. Tangu siku hiyo sehemu ya Popi iliongezeka. Utandu wake, kisha mashapo ya samli, yale ya kahawia yanayobaki chini ya sufuria siagi ikishayeyushwa na kuchujwa, kisha kijiko cha samli yenyewe juu ya ugali wake wa dagaa. Popi alinona. Wageni walimsifu: "Mbwa huyu anatunzwa!" Na kwa watu tuliozoea kuona mbwa wa mtaani wanahesabika mbavu, sifa hiyo ni kubwa. Nani angemwambia Bibi kwamba shukrani yake imezidi?

Ugonjwa ulikuja baada ya sherehe ya komunyo ya kwanza ya mwanangu. Jikoni paliyeyushwa siagi nyingi kwa ajili ya pilau ya wageni, na mashapo yote ya siku ile, pamoja na ngozi za kuku na mabaki ya pilau, yaliishia kwenye deste la Popi. Alikula mpaka akalala. Asubuhi yake hakubweka geti lilipofunguliwa. Alikuwa ametapika karibu na ukuta, akatapika tena mbele yetu, mara hii povu la njano. Maji aliyanusa tu, akageuza kichwa.

Kisha akafanya jambo ambalo watoto walilifurahia. Alilaza miguu ya mbele na kifua chini, akaacha makalio juu. Kila mwenye mbwa anaijua ishara hiyo: njoo tucheze. Mwanangu alikimbia kuchukua mpira. Lakini mkia wa Popi haukutikisika, na alibaki vile vile, akiguna kila alipovuta pumzi. Nataka msomaji aikumbuke picha hii, maana daktari alituambia baadaye kwamba mbwa mwenye maumivu makali ya tumbo hukaa hivyo hivyo, akijaribu kulinyoosha na kulipunguzia uzito. Anayecheza huchangamka na kuruka. Anayeumwa hukaa palepale, au hubadilisha ubavu tena na tena asipate raha.

Majirani walikuja, kama ilivyo kawaida yetu, na hukumu ikatolewa kabla hata ya salamu kuisha. "Kalishwa sumu huyu. Wezi wanapanga kuja. Mpeni maziwa haraka." Mwingine akasema mafuta ya kula ndiyo bora, kikombe kizima, atapike sumu yote. Jirani mmoja, mama mwenye moyo mwema sana, alikwisha kukimbia dukani na kurudi na pakiti ya maziwa, meno yake yakiwa tayari kwenye pembe ya pakiti. Nilimwomba asubiri nipige simu kwa daktari wa mifugo anayemchanja Popi kila mwaka chanjo ya kichaa cha mbwa.

Daktari alisema maneno machache: "Msimpe kitu mdomoni. Si maziwa, si mafuta, si dawa ya watu. Mleteni."

Imani ya maziwa kama dawa ya sumu imeenea sana kwetu, na nimejifunza kwa nini ni ya hatari. Maziwa hayaifuti sumu tumboni. Sumu nyingine huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo maziwa au mafuta ya kula yanaweza kuisaidia kuingia mwilini. Na mbwa anayetapika, ukimmiminia kitu kooni kwa nguvu, kinaweza kwenda mapafuni badala ya tumboni, ukampa nimonia juu ya ugonjwa alionao. Kwa Popi hatari ilikuwa ya wazi zaidi, ingawa saa ile hakuna aliyeijua: tungemwongezea kile kile kilichomwangusha.

Tulimfunga kwenye shuka, tukaita bajaji. Bibi alikataa kubaki nyumbani.

Daktari hakukurupuka kutaja ugonjwa. Aliuliza kama Popi amekula panya aliyekufa, kama amemeza mfupa au kitambaa, kama amechanjwa dhidi ya pavo, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, kama anahara damu. Alimfungua mdomo akagusa ufizi, ulikuwa mkavu na unanata. Alivuta ngozi ya shingo juu, ikachelewa kurudi mahali pake; ndivyo mwili uliokaukiwa maji unavyojitambulisha. Alipobonyeza tumbo upande wa mbele, chini ya mbavu, Popi alilia. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia lingekuwa na uzito: jana alikula nini? Bibi ndiye aliyejibu, akataja kila kitu, hakuficha hata ngozi za kuku.

Damu ilichukuliwa. Ilipokaa kwenye kichupa na kutengana, majimaji ya juu, ambayo kwa kawaida huwa angavu yenye manjano kidogo, yalikuwa meupe kama tui. Daktari alimwonyesha Bibi. Ni mafuta, alisema, yanaelea ndani ya damu. Akaeleza kwamba hilo peke yake halithibitishi ugonjwa, maana hata mbwa aliyetoka kula mafuta mengi anaweza kuwa nayo, lakini likiwekwa pamoja na kutapika, maumivu, unene na mlo wa jana, linaelekeza kwenye kongosho. Kipimo cha kimeng'enya cha kongosho kinachoitwa laipesi nacho kilikuwa juu.

Kongosho ni tezi iliyojilaza karibu na tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo. Ina kazi mbili kubwa: kutoa insulini, na kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, vikiwemo vya kusaga mafuta. Vimeng'enya hivyo hutengenezwa vikiwa vimelala, ili visiitafune tezi yenyewe, na kwa kawaida huamka vikishaingia kwenye utumbo. Katika ugonjwa huu huamka mapema, vikiwa bado ndani ya kongosho, na tezi inaanza kujimeng'enya yenyewe. Inavimba, inauma, na uvimbe unaweza kusambaa hadi kwenye ini na utumbo wa jirani. Kwa mbwa wengine huishia hapo na kupoa. Kwa wengine moyo, figo na mapafu huvutwa ndani ya balaa hilo, na mbwa hufa. Haijulikani kila mara nini hasa kimeliwasha kongosho, ila mlo mmoja wenye mafuta mengi kupita kawaida ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi, na mbwa mnene, wa umri wa kati kwenda juu, mwenye mafuta mengi kwenye damu, yuko karibu zaidi na hatari. Mbwa wadogo wa kizungu wanaoitwa Miniature Schnauzer wanajulikana sana kwa ugonjwa huu. Lakini kuwa mbwa koko si kinga yoyote, na nasema hivi kwa sababu nimewasikia wengi wakidai mbwa wa kienyeji anakula hata misumari.

Hapo ndipo Bibi alipouliza swali lake. "Daktari, mbwa wa mume wangu walikunywa maziwa maisha yao yote. Hakuna aliyelala hivi."

Daktari, ambaye naye ni kijana wa Magu, hakubishana. Aliuliza kwa upole: "Bibi, na siagi mlikuwa mnampa nani?"

Bibi alinyamaza, kisha akaanza kusimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo nilivyoelewa. Maziwa yaligandishwa kwenye kibuyu, yakasukwa mpaka siagi ikajitenga. Siagi hiyo ilikuwa mali. Ilitengenezwa samli ya kupikia wageni, ya kupaka watoto, ya kuuza. Nani angempa mbwa? Mbwa walipata kilichobaki: maziwa machachu yaliyokwisha kutolewa siagi, tena mara nyingi ni yale ya kusuuzia kibuyu, maji zaidi kuliko maziwa. Na mbwa hao walitoka na wachungaji alfajiri, wakazunguka mbugani kutwa, wakarudi jioni na ng'ombe. Popi, kwa upande wake, anafungwa mchana kutwa kwa sababu geti letu liko barabarani, ametolewa kizazi, na anapelekewa kile kilichokuwa cha wageni.

Kwa hiyo wazee wako sahihi, na daktari yuko sahihi. Wote wanasema "maziwa", lakini vyakula wanavyovizungumzia ni viwili. Maziwa ya ng'ombe kwa kawaida yana mafuta kati ya asilimia 3 na 5, na ya ng'ombe wetu wa asili aghalabu ndiyo yenye mafuta zaidi. Siagi ina takriban asilimia 80. Samli ni mafuta karibu matupu. Kijiko kimoja cha chakula cha samli kinabeba takriban kalori 120, na mbwa wa kilo 10 anahitaji kama kalori 400 kwa siku kuuendesha mwili wake akiwa ametulia, kabla ya kuhesabu kukimbia. Yaani kijiko kile kimoja, kilichokuwa kinaonekana ni kionjo, kinakaribia theluthi ya hitaji hilo. Madaktari wa mifugo hushauri vionjo vyote vya siku visizidi sehemu ya kumi ya chakula cha mbwa. Popi alikuwa anapata utandu, mashapo na samli siku hiyo hiyo moja.

Walimlaza. Aliwekewa dripu mguuni, akachomwa sindano ya kuzuia kutapika na ya maumivu. Mimi nilikuwa nimebeba mfukoni paracetamol na diklofenaki za nyumbani, nikidhani pengine zitahitajika, na daktari akanieleza kwamba dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumpasua mbwa tumbo kwa vidonda au kumharibu ini na figo, hasa akiwa amekaukiwa maji. Nimewahi kuwasikia watu wakisimulia jinsi walivyompa mbwa kidonge "akatulia kabisa". Kutulia huko kunanitia wasiwasi hadi leo.

Nilitegemea pia kusikia kwamba Popi ashinde njaa kwa siku nyingi ili kongosho lipumzike. Zamani ndivyo ilivyofundishwa. Siku hizi wanataka mbwa aanze kula kidogo kidogo mara kutapika kunapodhibitiwa, mradi chakula chenyewe kiwe na mafuta machache sana, kwa sababu utumbo usiopata chakula nao unadhoofika. Popi alianzishiwa wali mlaini na nyama ya sato iliyochemshwa, imetolewa ngozi na miiba yote, vijiko vichache kila mara. Bibi alikuwa anauchambua ule mwiba wa sato kwa vidole, taratibu, akisogeza kila kipande mwangani. Sijaona mtu akimchambulia mtu samaki kwa uangalifu ule.

Sato alichaguliwa kwa sababu nyama yake ina mafuta machache. Sangara ni habari nyingine. Wakazi wa Mwanza wanajua jinsi kichwa na tumbo la sangara linavyotoa mafuta, mpaka watu wanayakamua kwa kukaangia. Vichwa na mifupa ya sangara inayouzwa kwa bei nafuu kwenye soko la Mwaloni Kirumba ndiyo chakula cha mbwa kwenye nyumba nyingi za mji huu, na kwa mbwa aliyewahi kuugua kongosho si chakula tena, achilia mbali mifupa inayoweza kumkwama. Dagaa hatukuwaacha, lakini tunawaosha mchanga, tunawachemsha na kumwaga maji ya kwanza, na wanakuwa kiungo cha kunukisha ugali, si mlo wenyewe.

Popi alirudi nyumbani amekonda na hana sauti. Gharama sitaitaja, ila ilizidi bei ya mbuzi mzuri, na Bibi alitoa sehemu yake kutoka kwenye fedha za mauzo ya mtamba. Tuliambiwa kwamba kongosho lililowahi kuvimba linaweza kuvimba tena, na likiharibika mara kwa mara mbwa anaweza kupata kisukari, kwa sababu insulini inatoka humo humo, au akashindwa kabisa kusaga chakula akawa anakula na kukonda. Kwa hiyo mlo wa mafuta machache haukuwa wa wiki ile tu.

Baada ya habari kuenea mtaani nikageuka mtu wa kuulizwa. Nikagundua watu wanachanganya mambo mawili: tumbo la kuhara na ugonjwa wa kongosho.

Kuhara kwa mbwa aliyekunywa maziwa mara nyingi kunatokana na sukari ya maziwa, laktosi. Mtoto wa mbwa anayenyonya ana kimeng'enya cha kuivunja, lakini akishaachishwa kunyonya kimeng'enya hicho hupungua, kwa baadhi hupungua sana. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachua, na matokeo yake ni gesi, tumbo kunguruma na kinyesi cha maji. Mbwa mkubwa mwenye afya humaliza usumbufu huo akiachishwa maziwa. Mtoto wa mbwa ni tofauti, anaweza kukaukiwa maji upesi mno. Jirani yetu wa Nyakato alikuwa na watoto wa mbwa waliofiwa na mama yao, akawa anawapa maziwa ya ng'ombe matupu, wote wakahara. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na laktosi pungufu. Mtoto wa mbwa akishibishwa maziwa ya ng'ombe anapata sukari nyingi kwa chakula kidogo. Akiongezewa maji, kama wengi tunavyofanya, ndiyo anapungukiwa zaidi. Nilimpeleka kwa daktari yule yule apate maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa.

Mtindi nao huulizwa sana. Umechachuka, kwa hiyo sehemu ya laktosi imekwisha kuliwa na bakteria, na mbwa wengi huuvumilia kuliko maziwa mabichi au ya kuchemsha. Lakini kuchachuka hakuondoi mafuta. Mtindi mzito wenye tabaka la siagi juu ni ule ule utandu kwa sura nyingine. Kuchemsha nako hakupunguzi laktosi wala mafuta. Kunaua vijidudu, na hilo ni jambo kubwa: maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, vinavyomdhuru mbwa na familia yake. Maziwa yasiyofaa kunywewa na mtoto wangu sioni kwa nini yamwagwe kwenye deste la mbwa.

Swali linaloniumiza zaidi ni la askrimu. Jioni za Jumapili watoto wanaporudi kutoka matembezini kando ya ziwa na koni zao, mbwa anakaa mbele yao akiwatazama, na mtoto gani mwenye roho nzuri atakayemnyima? Askrimu ina mafuta, ina sukari, ina laktosi, vyote kwa pamoja. Kulamba mara moja kwa mbwa mzima mwenye afya hakutamwua. Ila kuna askrimu zenye chokoleti, na chokoleti ina theobromini ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole sana mpaka inamtetemesha na kumvuruga mapigo ya moyo. Kuna zenye zabibu kavu, ambazo zinaweza kumfelisha figo. Na zipo zile zilizoandikwa hazina sukari, ambazo watu huziona ndizo salama, nyingine zikiwa zimetiwa utamu wa zailitoli. Hiyo humfanya mbwa atoe insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaporomoka ndani ya saa moja au pungufu, akaanguka na kutetemeka, na ini lake linaweza kuharibika. Mtu akimpa mbwa hiyo asisubiri dalili, amkimbize kwa daktari na kopo lake mkononi.

Kazi iliyonisumbua baada ya Popi kupona ilikuwa ya nyumbani. Huwezi kumwambia mwanamke wa miaka zaidi ya 70, aliyelelewa akijua kwamba mkono mtupu ni aibu, kwamba asimpe kitu mbwa aliyemwokoa. Katazo lingemvunja moyo, na nilijua wiki ya pili angempa kwa siri. Tulikaa tukaulizana: Popi anapenda nini ambacho si mafuta? Ikawa boga lililochemshwa, karoti, na kipande cha kifua cha kuku bila ngozi. Bibi anakata vipande vidogo, anaviweka kwenye kikopo chake, na anampa mwenyewe kwa mkono, kimoja kimoja. Popi anakaa chini na kusubiri kwa adabu ambayo hakuwa nayo enzi za samli. Jioni binti yangu anamfungulia, wanapanda naye mlimani mpaka kwenye mawe na kurudi. Uzito umeshuka, kiuno kimeonekana. Wageni sasa wanasema amekonda, na Bibi ndiye anayewajibu, tena kwa ukali.

Mama mdogo ndiye alibaki na wasiwasi wake. Alipiga simu kutoka Misungwi akauliza kama na yeye awanyime mbwa wake wa machungani. Nilimwambia hapana, wale waendelee kupata maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi, kidogo, juu ya ugali, na yawe yamechemshwa kabla ya kugandishwa. Ila awatazame watoto wa mbwa, na akiona mmoja anahara amwachishe. Akauliza na sufuria la kuyeyushia siagi, ambalo siku zote hutolewa nje walirambe. Nikamwambia hilo alisugue kwa majivu na maji ya moto kwanza. Akaguna kidogo, akasema basi sufuria lake litakuwa linarudi jikoni safi, maana mbwa wenyewe walikuwa wanaliacha na mchanga.